Ridhaa ya Shamba Langu la Dole

Mwanangu alikuwa na miezi minne, mimi sijui usingizi ni nini, na mume wangu akaona huo ndio wakati wa kulitumia jina langu bila kuniuliza.

Alikuwa mnunuzi wa karafuu. Msimu ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama, naye akataka kununua kila kishada kabla hakijachumwa. Benki ya mjini ilimkopesha, kisha ikakataa kuongeza. Sheria yao, mtu mmoja ana kipimo chake. Akishakifikia, hata awe na nyumba ya ghorofa tatu, hapewi tena, asije akaanguka akaiangusha na benki.

Basi akapata hila. Mkopo wa pili uwe wangu, na rehani iwe shamba la karafuu la Dole aliloniachia baba.

Karani wa benki akaja alasiri, akakaa barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mtoto kifuani.

"Bi, unaridhia shamba lako liwekwe rehani?"

Nikanyamaza. Ndiyo kwanza nasikia!

"Kimya chake ni ridhaa," mume wangu akamwambia karani. "Andika."

Kweli, siku ya ndoa yetu niliulizwa nikanyamaza, ikapokewa, kama inavyopokewa kwa wanawali wote. Bwana huyu akadhani kimya kile kinafaa hata kwa mashamba.

"Kile kilikuwa kimya cha mwari!" nikapiga kelele. "Sasa nnanyonyesha. Na hilo shamba limeposwa lini? Siridhii!"

Karani akacheka mpaka akakohoa. "Bi, unapika mbali na mumeo?"

"Chungu kimoja."

"Basi kwetu sisi nyinyi ni mtu mmoja, na huyo kipimo chake kishajaa." Akakunja karatasi zake.

"Umenivunja!" mume wangu akanambia.

"Nimekuvunja nini, mguu?"

Siku tatu sikusema naye. Na siku tatu hizo, kwa kuwa hakuwa na fedha za kukimbizana nazo mashambani, alikuwa nyumbani kabla ya magharibi, mtoto akaanza kumchekea. Ya nne akasimama mlangoni mwa chumba.

"Bibi, nnaomba uniuzie karafuu zako, kwa hicho nilichobakisha."

"Bei ya sokoni. Na nnakwenda mwenyewe kusimamia wachumaji."

"Na mtoto?"

"Mbebe."

Akambeba mpaka Dole, kwa miguu. Mimi nilipanda punda.