Hodi Kwenye Mji Usio na Watu

Asubuhi ile tulikuwa tunafua nguo. Yohana, askari mwenzangu kutoka Magole, alinitania kwamba sisi watu wa Kidete kazi tunayoijua ni kusubiri treni tu. Nikammwagia maji ya sabuni. Tulikuwa kusini, tukilinda vijiji vya pwani, na kando ya kambi yetu kulikuwa na magofu ya mji wa kale ulioachwa: kuta za matumbawe na msikiti usio na paa.

Habari za mji huo tulizipata kwa Bi Somoe, mama wa kijiji jirani aliyetuuzia mihogo. Alisema wenyeji wa mji huo walimfungia mlango mgeni mwenye kiu, na kesho yake wote wakahama, wakaacha vyungu motoni. Tangu hapo, anayeingia bila kupiga hodi huzunguka humo humo mpaka jua lizame. Kijijini kwao hata mkata kuni hupiga hodi kwanza. Tulicheka mpaka machozi. Mimi niliyesomeshwa na misheni ndiye niliyecheka zaidi.

Siku ya tatu baada ya hapo kijiji cha kina Bi Somoe kilichomwa moto. Tukaambiwa waliokichoma wamejificha magofuni.

Tuliingia sita. Yohana mbele, mimi nyuma yake.

Kitu kikasogea nyuma ya ukuta wa msikiti. Yohana akainua bunduki.

Sijui nini kilinipata. Nilipaza sauti: "Hodi!"

Yohana alinigeukia kama anayemwona mwehu.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke, ikitetemeka.

Alikuwa Bi Somoe, na watoto tisa wamelala kifudifudi.

Lakini waliochoma kijiji walikuwa karibu, kwenye mikoko, nao wakanisikia. Risasi zilianza watoto wakitoka. Yohana alisimama kwenye pengo la ukuta akiwakinga. Mtoto wa mwisho alipopita, Yohana alikuwa amekaa chini. Hakuinuka tena.

Sasa nimestaafu, nalima ufuta Msowero. Nina afya, nina mke mcheshi, na usingizi ninao. Nashukuru, kwa sababu wapo wenzangu waliokosa vyote vitatu. Kila baada ya mavuno naenda Magole kwa mama yake Yohana. Mwaka huu nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akaniuliza swali nililolikwepa miaka yote.

"Usingepiga ile hodi, mwanangu angekuwa hai?"

Ningeweza kumdanganya.

"Nadhani angekuwa hai, mama."

"Na wale watoto?"

"Angewapiga risasi yeye mwenyewe, mama. Kidole kilikuwa tayari."

Machozi yalimtoka, na mimi pia. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Basi nilimzika akiwa yule yule niliyemlea," alisema, akanisogezea maji ya kunawa.

Nilinawa, tukala.