Jani Ambalo Sikulipasua

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu katika mtaa wa Katuba, nkambo, yaani mama mzaa baba, alikuwa ameanza kupoteza macho, na mimi ndiye niliyetumwa kumchumia dawa. Nilijivunia kazi hiyo, sikatai.

Dawa yenyewe ilikuwa jani pana linalolala chini kando ya njia, likikanyagwa na kila mtu. Kwa Kifaransa huitwa plantain, kama zile ndizi za kupika, ingawa halina undugu wowote nazo. Nkambo alinifundisha kulitambua: ulipasue polepole, na nyuzi zitabaki zikining'inia kati ya vipande viwili.

"Kama haina nyuzi, haiko yenyewe," aliniambia. "Uache."

Siku moja mdogo wangu Dedé alikanyaga bati lenye kutu. Nikatumwa nyuma ya reli. Njiani nikawakuta wenzangu wakiruka kamba, nikaruka nao mpaka mawingu yakatanda. Kwa kuogopa kunyeshewa, niling'oa majani mapana ya kwanza niliyoyaona kwenye mtaro, nikakimbia nyumbani.

"Ulipasula?" nkambo akauliza.

"Ee, nkambo. Nyuzi iko mingi."

Akayaponda, akafunga kidonda. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi goti. Nkambo akasema dawa ile haishindwi bure. Hukataa kufanya kazi katika nyumba ambamo mtu ameficha hasira moyoni. Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja. Sote tulimgeukia Tantine Bea, mke wa baba mdogo, aliyekuwa amegombana na mama wiki ile kwa sababu ya beseni.

Desturi ilitaka mwenye hasira ajaze maji mdomoni, ayateme juu ya mgonjwa na kusema imemtoka. Tantine akapiga magoti.

"Kama njo miye nilimubebea mutoto hasira, itoke," akasema, kisha akatema maji kwenye mguu huku akilia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukweli ulinifika kooni nikaumeza, kwa kuogopa fimbo. Fimbo tu.

Kesho yake baba alimpeleka Dedé dispensari, akachomwa sindano, akapona. Lakini nyumbani walisema yale maji ndiyo yaliyomponya. Tangu hapo, kila mtoto aliposhikwa na homa, macho yalimtafuta Tantine. Haukupita mwaka akamfunga binti yake mgongoni, akarudi kwao Mitwaba. Baba mdogo hakumfuata.

Mwaka jana nilipata namba yake ya simu. Nilimweleza yote: kamba, mtaro, uongo wangu. Nilitegemea anitukane, na kwa kweli ningeshukuru.

"Miye mwenyewe nilisadiki," akasema. "Nilijua niko na roho mubaya. Mpaka leo, bajukuu bakigonjwa, minaogopa kubagusa."

"Tantine, haikukuwa weye."

"Njo kwanza minasikia leo, mwanangu."

Miaka yote hiyo nilijilaumu kwa ndoa yake iliyovunjika, nikidhani deni langu linaishia hapo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuachwa akijiogopa mwenyewe, mikono yake mwenyewe, kwa sababu ya uongo wa mtoto aliyetaka kuruka kamba. Kabla ya kukata simu alinibariki, mimi na watoto wangu, kwa sauti ya upole. Sijajua bado nifanye nini na baraka ile.