Bastola Mbili za Arlo na Nadene

Duka la bunduki la Royce lilikuwa mwisho wa mji, upande wa barabara inayopanda milimani, na majira ya baridi wanaume wa bonde lile la Wyoming, Marekani, walikaa mle kunywa kahawa hata kama hawakuwa na cha kununua. Habari za kulungu na theluji zikiisha, lazima mmoja amchokoze Arlo Stubbe.

"Mzee Arlo, hebu tuambie. Bastola ya milimita kumi na ya arobaini na tano, ipi bora?"

Arlo alikuwa fundi wa nyaya za umeme aliyestaafu, mtu wa maneno machache kwa mambo yote isipokuwa hilo. Yake ilikuwa ya milimita kumi, mwili wake wa plastiki ngumu, nyepesi kiunoni, inabeba risasi kumi na tano. Iliwahi kutumbukia mtoni ikalala chini ya maji usiku kucha, asubuhi akaikung'uta na ikalia. Risasi yake inakwenda mbali bila kuinama, na inaingia ndani sana ya nyama ngumu ya dubu.

"Na inapiga teke kama punda," mkewe alidakia kutoka kwenye rafu ya glavu. "Ukimaliza kufyatua, masikio yanalia mpaka chakula cha jioni. Na risasi zake mji huu hazipatikani. Mwulize Royce."

"Hazipatikani, Bi Nadene," Royce alikubali.

Ya Nadene ilikuwa ya arobaini na tano, chuma kitupu, mpini wa mbao uliolainika kwa kiganja chake. Ilikuwa nzito, ilibeba risasi saba tu magazini, na ilidai kutunzwa. Jasho la kiunoni liliitia kutu kila kiangazi, na siku za baridi kali mafuta yakiganda ilifyatuka kwa kujikokota. Lakini teke lake lilikuwa la kusukuma, si la kuchapa, na mpini wake mwembamba ulikaa vizuri kwenye mkono mdogo. Nadene aliibadilishia springi kwa mikono yake mwenyewe, mezani jikoni, huku supu ikichemka.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Waliwinda pamoja, walichuma matunda ya porini pamoja, kila mmoja na bastola yake kiunoni, na walibishana njia nzima. Binti yao Kerri alikua akidhani hayo ndiyo mazungumzo ya ndoa.

Ugonjwa ulianza na sufuria zilizoungua. Kisha Nadene akapotea akienda kanisani, barabara aliyoipita maisha yake yote. Daktari alipotaja jina la ugonjwa, Nadene alimshukuru kwa adabu, na walipofika kwenye gari akamwuliza Arlo nani alikuwa mgonjwa.

Kerri alimpigia simu baba yake kutoka mji wa Casper. "Baba, toa bunduki zote humo ndani."

"Ziko kwenye kabati la chuma. Zimefungwa."

"Zitoe, Baba. Mpelekee Royce."

"Nitazitoa."

Zake mwenyewe angeweza kuzitoa siku hiyo hiyo. Lakini kila alipoishika ile ya mkewe alihisi kama anagawa nguo za mtu ambaye bado anapumua. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa nyingine.

Asubuhi moja ya Februari alitoka kuleta kuni. Aliporudi, mikono imejaa, akamkuta Nadene amesimama kando ya jiko, amemwelekezea bastola kifuani. Jina la mumewe lilikuwa limepotea. Namba za kufungulia kabati hazikupotea.

"Weka chini hizo kuni," Nadene alisema. "Polepole."

Arlo akaziweka. "Nadene, ni mimi."

"Jina langu umelijulia wapi?"

Alitazama miguu yake, imetanuka vizuri. Mikono miwili kwenye mpini. Kidole kimelazwa ubavuni mwa bastola, hakijagusa kifyatulio. Kila kitu kilikuwa sahihi, ila macho. Macho yalimtazama kama yanavyomtazama mwizi, na katika maisha yao yote hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu huyu.

Hakujua kama imejazwa. Alichojua ni kwamba akitaja tena jina lake, au la binti yao, atazidi kumtisha. Akasema kitu pekee kilichomjia.

"Bastola nzuri hiyo. Ya arobaini na tano?"

"Unazijua bastola?"

"Kidogo. Mimi nina ya milimita kumi."

Nadene akaguna, na mdomo wake ukapinda upande, vile vile ulivyopinda miaka yote dukani kwa Royce. "Pole yako. Mume wangu naye anayo takataka hiyo."

"Wanasema ni nzuri kwa dubu."

"Wanasema wanaume." Bastola ikashuka kidogo. "Sisi dubu tulikutana naye. Jike, ana watoto, kwenye vichaka vya matunda. Akatujia kama gari. Mume wangu akafyatua ile yake mara tatu, zote zikaenda kwenye miti. Mimi nikafyatua moja, udongo ukamrukia dubu usoni, akageuka na wanawe wakaondoka."

Hadithi hiyo Arlo alikuwa ameisimulia mara nyingi, arusini na misibani, na siku zote ilikuwa risasi yake ya tatu iliyomgeuza dubu. Na Nadene alikaa pembeni yake akiitikia kwa kichwa.

"Mumeo anajua?" aliuliza.

"Hajui. Alitetemeka mpaka usiku, masikini. Alikuwa analia akidhani nimelala. Alikuwa anaogopa kwamba nusura nife mbele yake. Asubuhi akaanza kusimulia kwamba yeye ndiye aliyemgeuza, nikamwachia." Akamtazama mgeni wake kwa ukali. "Usije ukamwambia."

"Simwambii."

"Ni mtu mzuri. Ana mdomo tu."

"Naomba niishike, nione uzito wake," Arlo alisema.

Nadene akachomoa magazini yenye risasi kutoka mpinini, akavuta chuma cha juu nyuma, na risasi nene ikaruka ikabingirika hadi chini ya friji. Ilikuwa imejazwa. Akampa bastola mpini ukiwa mbele, kama mtu anayejua. Arlo akasogea nayo dirishani kana kwamba anatafuta mwanga, akaitia ndani ya koti. Alipogeuka, Nadene alikuwa ameshaisahau, anatafuta vikombe.

"Kunywa kahawa," alisema. "Mume wangu yuko milimani. Hatakawia."

Akanywa, jikoni kwake, kama mgeni. Hakuthubutu kulia, maana angemtia hofu.

Arlo alimpigia Kerri simu, naye akafika kabla ya jua kuzama. "Baba, nilikuambia."

"Uliniambia."

Kerri akamkumbatia, na baba yake, mtu mrefu aliyepanda nguzo katika dhoruba, akamwegemea kama gunia. Kesho yake Royce alikuja mwenyewe akachukua bunduki zote. Hakuuliza swali. Mwishoni mwa mwezi Nadene alihamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, mjini, yenye mlango unaofunguka kwa namba ambazo yeye hakupewa.

Arlo alikwenda kila siku. Zile siku za kwanza alijaribu kuwa mumewe, na Nadene akalia akitaka aondolewe chumbani. Basi akaacha. Alibisha hodi, akavua kofia, akasema anapita tu, na Nadene alimkaribisha kiti. Alimweleza habari za mumewe: alivyokoroma, alivyoogopa madaktari wa meno, alivyopanda nguzo. Kuna siku alimwuliza kama ana mke.

"Ninaye," Arlo alisema.

"Unamtunza?"

"Najaribu."

"Basi nenda nyumbani. Anakusubiri."

Majani yalipoanza kuchipua Nadene aliacha kuzungumza. Arlo aliendelea kwenda. Sasa hakukuwa na wa kumkataza kumshika mkono, akaushika, mchana kutwa, mpaka alipokufa wiki ya kwanza ya Juni, Kerri akiwa upande wa pili wa kitanda.

Mazishini mtu mmoja alimwomba asimulie ile ya dubu. Arlo alisimama. Akatazama jeneza, akatazama watu, akasema koo limemkauka, akaketi.