Siku Nilipofuta Kiroba cha Tisa

Jamani, haya ninayowasimulia hata na mke wangu hatujawahi kuyazungumza tukayamaliza, maana nikifika katikati naona aibu, naomba maji ya kunywa. Lakini kwa kuwa mmenibana, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nimechoka.

Mimi ni mchimbaji mdogo, wa kushuka shimoni kwa kamba huku Geita, nimepanga chumba Kalangalala, na mke wangu na binti yetu Kabula wako Ngokolo, Shinyanga, kwa mama mkwe. Niliondoka nikisema nakwenda miezi mitatu. Sasa huu ni mwaka wa nne. Ukiniuliza ninachokikosa sitakutajia chakula wala kitanda, ni yule mtoto, namkumbuka mpaka nikiona sare ya shule yoyote barabarani nasimama kama mjinga.

Kilichotuunganisha ni simu. Kila siku saa moja jioni Kabula anachukua simu ya mama yake: "Shikamoo baba, nina swali la hesabu." Na mimi (niliyeishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa) namjibu tu lolote, kwa sababu swali likiisha na simu inakatwa.

Jioni moja akauliza, "Baba, witiri mara witiri, jibu ni witiri au shufwa?" Hapo ndipo ningesema sijui, mambo yakaisha. Badala yake nikawaza ya kazini. Sisi mawe yakipanda kutoka shimoni tunayagawa mafungu mawili, la mwenye shimo na la kwetu, kiroba kwa kiroba. Wiki ile vilikuwa vimepanda viroba saba, kimoja kikabaki, ugomvi. Kesho yake vikapanda tisa, kimoja kikabaki tena, tukakiunganisha na kile cha jana, kila upande ukapata chake, tukalala kwa amani. Nikamwambia kwa sauti ya profesa, "Shufwa, mwanangu. Witiri wawili wakikutana hakuna anayebaki peke yake." (Kumbe huko ni kujumlisha! Nani angeniambia?)

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya wazazi shuleni kwao. Nikaazima koti la mwenzangu Masanja, likanipwaya mabegani hivyohivyo, nikapanda basi hadi Shinyanga, nikakaa benchi la mbele kabisa ili mtoto anione. Aliponiona alitabasamu, na uchovu wote wa safari ukaniisha. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mtaratibu, akamwita ubaoni.

"Bila kukokotoa, Kabula. Thelathini na saba mara kumi na tisa, jibu ni witiri au shufwa?"

Kabula akanitazama mimi. "Shufwa, mwalimu."

"Fikiri tena."

"Shufwa."

Wenzake wakaguna, na mimi, badala ya kutulia kama wazazi wenye akili, nikasimama. "Samahani mwalimu, mtoto yuko sahihi, hilo nimemfundisha mwenyewe." Mwalimu akaninyooshea chaki. "Karibu, Baba Kabula, tuonyeshe kwa namba ndogo. Tatu mara tatu." Bibi mmoja nyuma yangu akalivuta koti, akaninong'oneza, "Yaya, baba, kaa chini" (yaya ndiyo hapana yetu Wasukuma), lakini nilikuwa nimeshafika ubaoni.

Nikachora viroba, mistari mitatu, kila mstari vitatu, nikaanza kuvifunga viwili viwili huku naeleza kwa madaha, viwili hivi, viwili hivi, hadi vinane vikapata wenzao na cha tisa kikabaki. Jasho likanitoka. Nikageuka kidogo, nikajifanya nakohoa, nikakifuta kwa mkono wa koti la Masanja.

"Amefuta!" Darasa zima lilipiga kelele. Wazazi wakaangua kicheko, baba mmoja alicheka hadi akateleza kwenye benchi, na mimi nikacheka nao, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Kabula hakucheka. Alichukua chaki mkononi mwangu, akakichora upya kile kiroba mahali pake, akaandika pembeni "witiri", akaenda kukaa bila kuniangalia. Nimeshawahi kufukiwa na kifusi hadi kiunoni, lakini siku hiyo ndiyo nilijua kuumia.

Jioni akanisindikiza stendi. Njiani akasema, "Baba, mimi nilijua ni witiri. Mwalimu alishatufundisha."

"Sasa mbona ulisema shufwa?"

"Wewe ulikuwa umekaa pale mbele. Niliogopa utaona aibu, uache kupokea simu yangu."

Nikamshika kichwa, nikakaa naye hivyo mpaka kondakta akaanza kuniita.

Tangu siku hiyo nimeapa, sitajifanya tena najua nisichokijua. Akipiga nasema, "Sijui mama, hebu nieleweshe," naye ananielewesha taratibu, anarudia pale nilipokwama, na mimi nasikiliza pumzi zake. Isipokuwa niwaambie ukweli mmoja, na msimwambie yeye: siku hizi hata nikilijua jibu, nasema sijui.