Ombi Moja la Simu ya Mwanga

Mwanangu, asubuhi nilikuona ukigombana na kompyuta. Mfumo ulichelewa kuthibitisha nywila ya mteja, nawe ukabonyeza tena, na tena, na tena. Nilicheka, wala si kwa kukudharau. Ulinikumbusha siku moja katika posta ya Same, nikiwa msichana mpya kwenye mtambo wa simu, miaka ile sabuni ilipokuwa ya foleni na dawa ya kubahatisha.

Alishuka mama mmoja kutoka Bombo, kule milimani, Mama Nakijwa. Kaka yake aliyeko Mwanga alikuwa amemtumia kifurushi cha dawa, maana Nakijwa, bintiye mdogo, alibanwa na pumu. Kifurushi kiliandikwa jina la ubatizo la mama huyo. Kitambulisho chake kilikuwa na jina la nyumbani. Utaratibu ulitaka Mwanga wathibitishe kwanza, na basi pekee la kurudi milimani lilikuwa likiondoka saa nane.

Nikaomba simu kupitia Moshi, kwenye mtambo mkuu uliounganisha simu za mbali. Dakika kumi, kimya. Nikafuta ombi, nikaomba upya. Nilifanya hivyo mara nne, nikiwalaani watu wa Moshi kimoyomoyo. Mama yule alitazama saa ya ukutani.

Mzee Mrutu, fundi wetu, akaweka koleo chini. Hakunikaripia mbele ya mteja, aliniita pembeni.

"Binti, waya umeupima?"

"Mzima, mzee. Na Moshi wanaitika."

"Basi ombi limekwama wapi?"

Nikanyoosha kidole upande wa Moshi.

"Kila ukifuta, wanakuandika upya mwisho wa foleni. Unawalaumu wao, na anayechelewesha ni wewe."

Niliomba mara moja tu, nikataja kwamba ni dawa ya mgonjwa, nikatulia. Mzee Mrutu akatoka kumsihi dereva wa basi asubiri. Saa nane na robo simu ikaunganishwa, na karani wa posta ya Mwanga, aliyemfahamu kaka mtu, akathibitisha kwamba majina yote mawili ni ya dada mmoja. Mama Nakijwa akakimbilia basi na dawa kifuani.

Baadaye aliniletea kikapu cha tangawizi, Nakijwa akiwa mgongoni, anapumua vizuri. Niliona haya kukipokea. "Pokea," alisema Mzee Mrutu, "itakukumbusha." Namshukuru mzee yule kila ninapokunywa chai.

Basi mwanangu, jibu likichelewa, pima njia kwanza: kwako, katikati, kisha kule mwisho. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na ukumbuke kuna mtu anayetazama saa. Mungu akujalie wakubwa wa kukuita pembeni, nawe ukikua uwaite wenzako vivyo hivyo.