Nyimbo Tatu za Mumbua

Watu wa Matiliku wakitaka spika, humtafuta mke wangu. Hawanitafuti mimi, ingawa jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka ni langu, kwa herufi nyekundu: Mulinge Electronics. Mteja huingia, hunisalimia kwa heshima zote, kisha huuliza, "Mama Wavinya yuko?" Zamani jambo hilo lilikuwa likinichoma. Siku hizi namwonyesha alipo, na kusema kweli kifua hunijaa. Mwenye wivu na ajinyonge.

Mke wangu, Mumbua, alizaliwa Tulia, upande wa Kitui, lakini kazi hii aliijulia Kibwezi, alikokuwa akiuza hedifoni na chaja mezani kando ya barabara ya Mombasa. Basi lilisimama, abiria wakakimbilia msalani, na kabla dereva hajapiga honi mtu alitakiwa awe ameshachagua, amejaribu na amerudi kitini. Nafasi ya porojo haikuwepo. Ndipo alipojichagulia nyimbo tatu za kujaribia, ambazo hajazibadilisha hadi leo.

Wa kwanza ni wa mwanamke anayembembeleza mtoto, sauti tupu bila chombo chochote. Spika ikiwa mbovu, mama yule huimba kama aliyebanwa pua. Wa pili ni benga ya Kikamba ya zamani, ya enzi ambazo wanamuziki wote walirekodi wakiwa chumba kimoja. Gitaa la besi linatembea kwa madaha, na katikati mwimbaji anaacha kuimba na kuanza kupiga hadithi. Wa tatu si wimbo hata kidogo. Ni mvua inayopiga mabati, aliyoirekodi mwenyewe kwao Tulia. Anasema ndani ya mvua mna sauti zote, nene kwa nyembamba, na spika yenye kasoro huigeuza mvua ikawa mafuta yanayokaanga samaki.

Mvua hiyo ilituletea balaa mwaka tuliofungua duka. Ulikuwa mwezi wa tisa, ardhi imekauka na mbuzi wanatafuna makaratasi. Mumbua aliweka spika mbili kubwa nyuma ya duka, akafungulia mvua. Punde nikasikia vishindo. Wanawake walikuwa wametoka na mabeseni na mitungi, wanavipanga chini ya mifereji ya mabati. Kasyoki mwenye hoteli alitoa sufuria zote, hata ile iliyokuwa bado na muthokoi wa mahindi na maharagwe ndani. Kisha wote wakasimama wakitazama juu, na juu hakukuwa na wingu hata la dawa. Kasyoki alituingilia dukani na sufuria yake mkononi.

"Mama Wavinya, mvua si kitu ya kuchezea watu!"

Alinuna mpaka jioni. Lakini alipohitaji redio ya hoteli alikuja kwetu, akisema hakuna haja ya kuijaribu, yeye alishadanganywa vya kutosha.

Hayo ni ya kuchekesha. Ninachotaka kusimulia hasa ni habari ya mama yangu.

Mama yangu, Nzilani, ni mmoja wa wanawake walioanzisha kanisa letu, na sasa amekuwa mzee, masikio yamemchoka. Hospitalini alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Akakivaa siku chache, akasema kinampigia mluzi kama mchunga ng'ombe, akakifungia kabatini. Tangu hapo alienda kanisani kukaa tu. Mwaka juzi, kwenye sherehe ya akina mama, pasta alimtaja na kumwomba asimame. Mama akaendelea kukaa. Pasta akamwita tena, na Mama akawa anatabasamu huku akitazama maua ya madhabahuni. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Susu hana network," yaani nyanya hashiki mawimbi, na benchi zima likacheka.

Niliinuka nimekunja ngumi. Mumbua akanivuta shati nikakaa. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Si masikio yake pekee. Spika zao pia zinanung'unika tu, hata mimi sikusikia vizuri." Iliniuma kuona mama yangu, aliyenilea peke yake kwa jembe, amegeuzwa kichekesho mbele ya Mungu.

Kwa hivyo kanisa lilipomaliza jengo jipya, likanunua spika mpya na kumwita Mumbua azifunge, nilijua mara moja anachokitaka. Siku ya kuliweka jengo wakfu, pasta angesoma historia na Mama angeitwa tena. Mumbua alitaka asikie jina lake na asimame mwenyewe, bila mtu kumgusa bega.

Jumamosi alasiri tulimpeleka Mama, tukamketisha mahali pake pa kila siku, nyuma karibu na dirisha. Mumbua akamchezea wimbo wa kwanza, wa yule mwanamke anayembembeleza mtoto.

"Mwaitu, mama, unasikia?"

"Nasikia kelele."

Jengo lilikuwa tupu na kuta zake zilirudisha kila sauti mara tatu. Mumbua alinituma nikaazime mablanketi, tukayatundika ukuta wa nyuma. Akapunguza besi. Akaishusha spika moja kutoka mbele na kuifunga juu ya dirisha la Mama. Kisha akasema sasa anataka sauti ya mwanamume anayeongea, maana pasta ni mwanamume, na akaiwasha benga.

Gitaa halijafika mbali, mzee Kitonga, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja mbio.

"Mama Wavinya! Zima hiyo! Hizi spika ni za Mungu. Kwani hakuna gospel?"

"Gospel za siku hizi ni kinanda tu, Mzee. Kinanda kinasamehe kila spika."

"Nyimbo za baa haziwezi kupita hapa."

"Spika zitaombewa lini?"

"Kesho. Askofu mwenyewe ataziombea."

"Basi leo bado ni mbao na sumaku."

Kitonga ni mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa imehamia upande wa pili. Mwishowe alisema anaenda nje kwa sababu hataki kusikia. Mimi nikacheka kimoyomoyo: kwa spika zile, angeenda mpaka wapi?

Katika wimbo ule, mwimbaji anasimulia habari za bwana mmoja aliyepeleka mbuzi wa mahari. Usiku mbuzi wakakata kamba, na bwana huyo aliporudi nyumbani aliwakuta wametangulia kufika. Mumbua alicheza kipande hicho, akageuza kitufe, akakirudia. Kila mara alimwuliza Mama, na kila mara Mama alijibu kwamba anasikia kelele. Nilikuwa juu ya ngazi, shingo imekauka, moyo umevunjika.

"Tuache, Mumbua," nikamwambia. "Mama amezeeka. Tukubali."

"Wewe geuza hiyo spika imwangalie yeye. Usiniambie kukubali."

Nikaigeuza. Akarudia tena. Bwana akaenda, mbuzi wakakata kamba, bwana akarudi, na mama yangu akacheka. Alijifunika mdomo kwa leso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kitonga alikuwa mlangoni, na alimwona.

"Mama Nzilani! Kwani unajua hizi nyimbo za dunia?"

"Sijui," akasema Mama, aliyeokoka Kitonga akiwa bado ananyonya. "Lakini huyo mwanaume ni mjinga. Mbuzi mgeni hufungwa mguu, hafungwi shingo."

Kitonga akakohoa, kikohozi kikamshinda kikawa kicheko. Mumbua hakucheka. Alichukua tepi nyeupe, akaweka alama kwenye kila kitufe, kisha akaenda kumshika Mama mikono yote miwili.

Hata hivyo Jumapili niliamka na hofu. Jengo tupu si sawa na jengo lililojaa watu, hilo hata mimi nalijua, maana nguo na miili hunywa sauti. Watu walikuja kutoka kila pembe, wengine wakasimama nje. Askofu akaomba, kwaya ikaimba, halafu pasta akafungua historia. Tulikuwa tumemwonya binti yetu, Wavinya, asithubutu kumgusa nyanya yake.

"Kanisa la kwanza," pasta akasema, "lilijengwa na mikono ya akina mama. Mmoja wao alibeba mchanga kutoka mtoni kwa mgongo wake. Mama Nzilani, tafadhali."

Mama hakusonga. Alikuwa ameupakata mkoba wake, macho mbele. Kisha akauweka mkoba chini, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili, akasimama. Peke yake. Makofi yakalipuka, vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati, na Mama akainua mkono watu wanyamaze.

"Asante, Pasta," akasema. "Lakini mimi sikubeba mchanga. Nilibeba maji ya matofali. Mchanga ulibebwa na rafiki yangu Mbithe, tuliyemzika wakati wa ile njaa kubwa. Kwani miaka hii yote mmekuwa mkisema hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ile hadithi yake ilisomwa vibaya mbele yake, naye amekaa akitabasamu. Nililia palepale mbele ya waumini, sikutafuta hata leso, na nilipogeuka nilimwona Mumbua wangu amesimama kwenye mitambo yake, kidevu juu, machozi yanamtiririka kama mimi.

Pasta akaomba msamaha, akaanza upya. Akalitaja jina la Mbithe, kisha akalitaja tena polepole, na kila alipolitaja Mama aliitikia kwa sauti, "Ndiye huyo."