Mistari Miwili ya Miwa

Juzi wametandaza lami mbele ya boma langu. Kijana wa vipimo alikuja akaniuliza, kwa heshima, maji ya mvua yalikuwa yakipita upande gani zamani. Nilimwonyesha kwa fimbo, nikarudi ndani. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza nisilomweleza yeye.

Nilikulia kando ya barabara hii, kati ya Butere na Mumias, ilipokuwa udongo mwekundu mtupu. Jumamosi asubuhi kila boma lilizibua mtaro ulio mbele ya shamba lake. Mama alichemsha viazi vitamu, harufu ikatuamsha, lakini hakuna aliyekula kabla ya kushika jembe. Majembe ya majirani tuliyasikia juu na chini ya barabara. Mama alizoea kusema kwamba kipande chetu tunakichimbia watu tusiowajua.

Miaka ya tisini nilikuwa na boma langu na shamba la miwa. Mtaro ule niliuona kama ardhi inayolala bure. Niliufukia, nikapanda mistari miwili zaidi. Jirani yangu, niliyesoma naye shule ya msingi, akapita na jembe begani.

"Naona miwa yako inasafiri, ndugu yangu," akasema. "Imefika barabarani. Kesho itapanda gari."

"Wacha itembee. Imechoka kukaa."

Tukacheka sote. Kisha akaniambia, bila kucheka, kwamba maji yatatafuta pa kupita. Nilimjibu kuwa barabara ni ya serikali.

Mvua ya Aprili ikaja, kila alasiri. Maji yakaingia barabarani, yakaikata mbele ya shamba langu, korongo la kufika kifuani. Siku ya pili yake mke wa jirani alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akawa anavuja damu. Walimkalisha kwenye baiskeli ya bodaboda, mumewe akimshikilia ubavuni. Nilikuwa uani nikinoa panga. Nilimsikia mwenye baiskeli akisema, "Baba, hapa hapapitiki."

Nikatoka. Tulimbeba kwa mikono kupitia katikati ya miwa yangu, matope yakituvua viatu. Majani yalimchana mikono, hakulia. Aliuliza mara moja tu, "Bado mbali?"

Kwa baiskeli ingekuwa robo saa hadi zahanati. Sisi, tukimbeba kwa miguu, tulitumia zaidi ya saa nzima. Muuguzi alisema laiti tungewahi kidogo. Mama na mtoto walizikwa pamoja.

Jumamosi baada ya matanga, jirani alikuja peke yake. Aling'oa mistari ile miwili, akauchimba mtaro wangu mwanzo hadi mwisho. Nilimtazama kupitia dirisha. Jembe langu lilikuwa nyuma ya mlango, sikutoka. Alipomaliza aliipanga miwa vizuri kando ya lango langu, kwa kuwa ilikuwa mali yangu, akaenda zake.

Baadaye alihamia Lugari na watoto wake. Jumamosi za mitaro nazo zikaisha, boma moja baada ya jingine, na watoto wa siku hizi hawajui kwamba barabara iliwahi kuwa kazi ya nyumbani.

Alipofariki nilienda kumzika. Nilipewa nafasi ya kusema machache. Nilisema alikuwa jirani mwema, nikaketi.